Kadi za mtambo wa simu za ofisi: kuitafuta hitilafu kwa kufuata dalili

Mtambo wa simu za ofisi, ambao mafundi na wahasibu kwa pamoja huuita PABX, ni kasha lenye bodi kuu, kitengo cha umeme na sloti za kadi za nyongeza. Kadi hizo ndizo zinazoongeza laini za nje, simu za ndani, utambuzi wa namba ya anayepiga, ujumbe wa sauti au muunganisho wa intaneti. Mtambo mdogo wa Panasonic KX-TES824, kwa mfano, ulitoka kiwandani ukiwa na laini za nje 3 na simu za ndani 8, na ukiongezewa kadi hufikia laini 8 na simu 24. Ofisi inayokua hununua kadi, ofisi inayohama huhama na kadi zake, na hapo ndipo maswali mengi yanapoanzia.

Katika kazi yangu ya kutengeneza mitambo hii Dodoma, jambo moja limejirudia hadi likabadili mpangilio wa ukaguzi wangu: kadi nyingi ninazoletewa zikiwa zimeandikwa «mbovu» kwa kalamu ya wino mzito si mbovu. Zimelegea, zimeshika vumbi, zimechomekwa pasipo pake, au zinasingiziwa kosa la waya ulio nje ya kasha. Kadi iliyokufa kweli ipo, lakini mara nyingi iliuawa na kitu ambacho bado kipo palepale, na kadi mpya itakayowekwa badala yake itauawa vilevile. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaifanya kadi kuwa mshukiwa wa mwisho.

Mazingira ya hapa nayo yana mkono wake. Tangu Serikali iliposhika kasi ya kuhamia Dodoma mwaka 2016, mitambo mingi imeletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 450, kadi zikiwa zimebaki ndani ya kasha. Mvua zetu huanza kwa kawaida Desemba na kukoma Aprili. Miezi iliyobaki ni ya upepo, vumbi, hewa kavu inayozalisha umeme tuli, na udongo mkavu usiopitisha umeme ipasavyo.

Kabla ya kufungua kasha

Hifadhi kwanza nakala ya usanidi wa mtambo kwenye kompyuta, kwa kuwa kadi hununuliwa dukani ila orodha ya namba za ndani, vikundi vya mapokezi na vizuizi vya kupiga nje haiuzwi popote. Kisha zima mtambo, chomoa waya wake ukutani, ondoa muunganisho wa betri za akiba kama zipo, na usubiri dakika chache. Vaa kikuku cha kuzuia umeme tuli kilichounganishwa na chuma cha kasha. Kama huna, gusa chuma hicho kila unaponyanyua kadi, na uishike kadi kwa kingo zake tu. Mwezi wa Septemba, ukiwa juu ya zulia na umevaa sweta ya nailoni, kidole chako kinaweza kuua saketi ndogo bila wewe kuhisi chochote.

Usifanye kazi hii wakati kuna radi, hata kama radi iko mbali. Kumbuka pia kwamba nyaya za simu zina umeme: kengele ya simu huendeshwa kwa volti kati ya 75 na 90 za umeme geu (AC), na anayeshika ncha za waya wakati simu inaingia atarushwa. Kitengo cha umeme usikifungue kabisa. Ndani yake umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa umeme mnyoofu (DC) wa takribani volti 325, na kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, hubaki zimejaa kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye vifaa vyake.

Dalili: mtambo mzima kimya, hakuna taa hata moja

Anza na soketi ya ukutani kwa kuchomeka taa ya mezani. Ifuate UPS, kifaa cha umeme wa akiba, ambayo ndiyo chanzo cha kawaida zaidi: betri zake zikichoka, umeme ukikatika na kurudi, yenyewe hubaki imezima mpaka mtu aibonyeze, na ofisi nzima huamini kwamba mtambo wa simu umeungua. Ukichomeka mtambo moja kwa moja ukutani kwa dakika mbili utapata jibu.

Baada ya hapo kagua fyuzi. Fyuzi iliyokatika hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile, si kwa uzi wa waya wala karatasi ya pakiti ya sigara, mambo ambayo nimeyakuta yote mawili. Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiweke ya tatu kadi zikiwa bado ndani. Zima, toa kadi zote za nyongeza, ndipo uweke fyuzi na uwashe mtambo ukiwa na bodi kuu peke yake. Ukiwaka, rudisha kadi moja baada ya nyingine, ukizima kila mara kabla ya kuchomeka, mpaka utakapoikuta inayovuta umeme kupita kiasi. Usipowaka hata ukiwa mtupu, au ukisikia harufu ya kuungua, simama hapo na umwite fundi.

Dalili: kadi imechomekwa lakini mtambo hauioni

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Taa ya kadi haiwaki au inawaka nyekundu, na programu ya usanidi inaonyesha sloti tupu.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni kwamba kadi haijakaa sawasawa. Kiunganishi kikibaki nje kwa milimita moja tu, baadhi ya pini hugusa na nyingine hazigusi, na ndiyo maana kadi huweza kuwasha taa na bado isitambuliwe. Usiishindilie ilipo. Itoe yote, itazame, kisha irudishe ukiisukuma kwa vidole gumba viwili kwenye ncha zote mbili kwa nguvu sawa, mpaka vishikizo vijifunge, na ukaze skrubu. Kwenye mitambo midogo ambayo kadi hukaa juu ya bodi kuu na kuunganishwa kwa utepe wa nyaya, chomoa utepe huo na uurudishe, ukihakikisha haujageuzwa. Mtambo uliosafirishwa ufanyiwe hivi kwa kadi zote, pamoja na zile zinazoonekana kufanya kazi.

Ya pili ni uchafu kwenye migusano. Vumbi la hapa ni laini kama unga, na likikutana na unyevu wa mvua za kwanza hugeuka utando. Safisha migusano kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichoguswa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na uache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Petroli na mafuta ya taa huharibu plastiki, msasa huondoa mchovyo wa dhahabu, na kifutio cha penseli, ambacho mafundi wengi hukisifu, huacha makombo na hukwangua dhahabu hiyohiyo kidogo kidogo. Vumbi la ndani ya kasha litolewe kwa brashi laini. Upepo wa kompresa ya kujazia matairi hubeba matone ya maji na mafuta, na sioni sababu ya kuubeba mtambo wa mamilioni hadi gereji kwa ajili hiyo.

Ya tatu ni sloti isiyo yake. Katika mitambo mingi sloti zinafanana kwa macho, ilhali kitabu cha mtambo kinasema kwamba kadi ya laini za nje hukaa huku na ya simu za ndani kule. Soma maandishi kwenye kasha kabla ya kulaumu lolote.

Ya nne ni usanidi. Mitambo midogo huitambua kadi inapowashwa tu, kwa hiyo kadi iliyochomekwa mtambo ukiwa unafanya kazi haitaonekana, na huenda ikawa imeumizwa. Mitambo mikubwa huruhusu kuchomeka kadi bila kuzima, lakini hutaka kadi ibadilishwe kwenye programu kutoka hali ya kupumzika hadi hali ya kutumika. Tatizo la kawaida zaidi ni sloti ambayo zamani ilikuwa na kadi ya aina nyingine: kumbukumbu ya kadi ile bado ipo, na mpaka ifutwe, mtambo huikataa mpya kwa kuwa haikuitarajia. Hapa pia liko suala la toleo la programu na leseni, kwa kuwa kadi iliyotengenezwa baadaye huenda isijulikane kwa programu ya zamani, na baadhi ya kadi za intaneti huhitaji namba ya uamilisho inayonunuliwa kando.

Ya tano ni umeme kutotosha. Kadi zikifanya kazi moja moja, lakini ya mwisho kuwekwa ikawa ndiyo isiyowaka hata ukizibadilishana, hesabu mzigo. Kitabu cha mtambo hutaja kiasi ambacho kila kadi na kila simu ya kioo (simu maalumu ya mtambo yenye skrini) hutumia, na kiasi ambacho kitengo cha umeme kinaweza kubeba. Mara nyingi dawa yake ni kitengo kikubwa zaidi.

Ya sita ni pini iliyopinda ndani ya sloti, ambayo haionekani bila tochi. Ofisi moja iliyohamia hapa iliniita baada ya kadi mbili kutangazwa kuwa zimekufa na ya tatu, mpya kutoka dukani, kukataa vilevile. Katika sloti ile pini moja ilikuwa imelala. Kadi mbili zilizotupwa kwenye droo zilifanya kazi siku hiyohiyo, na ile mpya ikabaki kuwa akiba ya gharama kubwa. Pini iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa kwa kibano chembamba, mara moja tu na kwa mkono mtulivu. Ikikatika, au zikiwa zimepinda nyingi, bodi ya nyuma yenye sloti hizo iende kwa fundi.

Zikishindikana hizo zote ndipo unapoishuku kadi yenyewe, na jaribio lake lina mpangilio. Kagua kwanza kwa macho kama ina alama nyeusi, kapasita iliyovimba au njia ya shaba iliyoungua. Ukiona alama hizo, usiichomeke popote. Kama ni safi, ihamishie kwenye sloti unayojua ni nzima na inayoikubali. Usifanye kinyume, yaani kuchukua kadi nzima na kuiweka kwenye sloti unayoishuku, kwani sloti yenye hitilafu ya umeme itakuachia kadi mbovu mbili badala ya moja.

Dalili: simu za ndani ziko kimya

Hesabu kwanza ni ngapi. Simu moja ikiwa kimya, tatizo karibu kila mara liko kwenye simu yenyewe, kamba yake, kituo cha ukutani au waya. Simu nne au nane zinazofuatana namba zikiwa kimya, tazama kiunganishi cha kadi au saketi inayohudumia kundi hilo. Zote zikiwa kimya ilhali taa zinawaka, rudi kwenye kitengo cha umeme, kwa sababu hutoa volti za aina kadhaa, na ile ya kulisha simu inaweza kufa peke yake huku ile ya bodi ikiendelea.

Kwa simu moja, jaribu simu nyingine unayojua ni nzima, kisha nenda kwenye ubao wa kroni, yaani ubao wa kuunganishia nyaya za simu, na uiunganishe upande wa mtambo, nyaya zinazokwenda ofisini zikiwa zimetengwa. Ukisikia mlio wa kupigia, kadi ni nzima, na kazi iliyobaki ni kufuatilia waya kwenye dari, ambako panya, wapaka rangi na mafundi wa viyoyozi hupita kila mmoja kwa wakati wake. Multimita huthibitisha jambo hilohilo. Mkono wa simu ukiwa umewekwa, mlango wa simu ya kawaida husoma takribani volti 24 hadi 48 za umeme mnyoofu kutegemea aina ya mtambo. Ukinyanyuliwa, volti hushuka hadi kama 10 au chini. Ukisoma sifuri nyaya zikiwa zimeunganishwa na volti zikarudi unapozitenga, nyaya zimegusana mahali. Ukisoma sifuri hata baada ya kuzitenga, mlango huo wa kadi umekufa, na kama kuna mlango wa akiba, hamishia simu huko na uiachie namba yake ya zamani kwenye usanidi.

Kundi zima likinyamaza baada ya mtu kufanya kazi kwenye kabati la nyaya, kagua kiunganishi cha jozi 25. Jozi zake hufuata rangi za msingi nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau, na kila moja kati ya hizo hupangwa na bluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu kwa mfuatano huo. Jozi ya kwanza ni nyeupe na bluu, ya sita ni nyekundu na bluu. Aliyebandika nyaya akikosea jozi moja tu mwanzoni, zote zinazofuata husogea, na mkurugenzi hupokea simu za stoo.

Simu ya kioo ikiwa tupu wakati simu ya kawaida mahali hapohapo inafanya kazi, huenda imechomekwa kwenye mlango wa simu za kawaida, au inahitaji nyaya nne na imepewa mbili, au ni ya mtambo wa kampuni nyingine. Simu za kioo za kampuni moja hazielewani na kadi za nyingine, hata soketi zikifanana. Simu inayopiga bila shida lakini haitoi mlio wa kuita, igeuze uangalie swichi ya kengele kabla ya jambo lingine lolote. Zisipolia simu zote za kadi moja, kifaa kinachozalisha umeme wa kengele kimeharibika, na hilo halitengenezwi mezani kwa mhasibu.

Dalili: mngurumo, mikwaruzo au sauti za watu wengine

Mngurumo mzito usiobadilika ni umeme wa gridi wa hezi 50 unaoingia kwenye waya wa simu. Sababu ya kwanza ni nyaya za simu kulazwa bomba moja na nyaya za umeme. Zitenganishe, na pale zinapolazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba. Sababu ya pili ni waya wa ethi, ule unaounganisha kasha na ardhi, uliokatika au usiokuwapo kabisa. Sababu ya tatu ni ukinzani usio sawa kati ya nyaya mbili za jozi, hasa uzi mmoja unapokuwa umechubuka na kugusa ukuta wenye unyevu.

Mikwaruzo inayokuja na mvua na kuondoka na jua iko nje ya kasha, kwenye viungo vya nyaya. Viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe wa plastiki vikatwe na kuunganishwa upya kwa viungio vyenye jeli. Kusikia mazungumzo ya watu wengine maana yake ni jozi zilizochanganyika, uzi mmoja kutoka jozi hii na mwingine kutoka ile, na mahali pa kutafuta ni kroni. Kadi husababisha kelele mara chache, na inapofanya hivyo kelele huhama nayo ukiihamisha sloti.

Dalili: laini za nje haziingii, hazitoki, au hubaki zimeshikwa

Ondoa laini kwenye kadi na uiunganishe na simu ya kawaida. Kama haina mlio, au ina kelele ileile, tatizo liko upande wa mtoa huduma. Wapigie, wape namba yako kamili ikiwa na 026 mwanzoni, na usifungue sanduku lao la nyaya. Kama laini ni nzima, irudishe kwenye mlango mwingine wa kadi. Ikifanya kazi huko, mlango wa kwanza umekufa, na mara nyingi uliingiwa na radi. Ikikataa pia, kagua kama usanidi wa upigaji namba kwenye laini ni wa milio au wa mapigo ya zamani, na kama laini hiyo imeruhusiwa kwa simu unayojaribia.

Laini inayobaki imeshikwa baada ya mpigaji kukata ni lalamiko la kila wiki, na halina uhusiano na ubovu wa kadi. Mtambo haujui kwamba upande wa pili umekata. Kadi husubiri ishara, ambayo inaweza kuwa kukatika kwa umeme wa laini kwa muda mfupi, kugeuka kwa chanya na hasi, au mlio wa shughuli, na kila mtoa huduma ana yake. Washa utambuzi wa mlio wa shughuli kwenye usanidi, rekebisha muda wake, na uweke kikomo cha muda kwa simu zinazounganisha laini mbili za nje. Ofisi zinazotumia kifaa cha laini za mkononi kilichounganishwa na kadi ya laini za nje zikague kifaa hicho kwanza: salio, nguvu ya mtandao mahali kilipo, na usajili wa laini kwa alama za vidole.

Namba ya anayepiga isipoonekana, uliza kwanza kama mtoa huduma ameiwezesha. Kisha hakikisha kadi ya utambuzi wa namba ipo, kwa kuwa kwenye mitambo mingi midogo ni kadi ya nyongeza inayojitegemea. Katika mfumo mmojawapo unaotumika, taarifa ya namba hutumwa kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na mtambo uliopangwa kupokea simu mara tu inapolia hauipati kamwe.

Dalili: kadi ya E1 inaonyesha taa nyekundu

Ofisi kubwa hazitumii laini za shaba moja moja. Baadhi zina E1, yaani kiungo kimoja cha megabiti 2.048 kwa sekunde chenye njia 32, ambazo 30 kati yake hubeba sauti. Taa nyekundu maana yake ni kwamba kadi haipati ishara. Geuza kwanza mpangilio wa kutuma na kupokea, kwa kuwa kebo yenye nyaya zilizopishanishwa mahali pa iliyonyooka ni kosa la kila siku, na uhakikishe kebo ya omu 75 haijaunganishwa na kadi ya omu 120 bila kibadilishi. Kisha tengeneza plagi ya kurudisha ishara kwa kuunganisha pini ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 5. Ukiichomeka kwenye kadi na nyekundu ikazimika, kadi ni nzima na unaweza kumpigia mtoa huduma bila wasiwasi. Isipozimika, kadi ndiyo yenye kesi. Sauti inayokatika mara kwa mara huku taa zikiwa kijani hutokana na saa ya mtambo, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa ishara, kutofuata ya mtoa huduma. Panga kadi ichukue saa kutoka kwenye laini.

Dalili: mtambo unajizima na kujiwasha, au unasahau usanidi

Kujizima mchana na kupona usiku ni dalili ya joto. Mtambo uliofungiwa kwenye kabati chini ya ngazi, feni yake ikiwa imeziba vumbi, hauna namna nyingine ya kulalamika. Fungua nafasi ya hewa, safisha feni, na uhamishe chochote kilichowekwa juu ya kasha. Wakati huohuo mulika ndani: mjusi kafiri hupenda joto la kitengo cha umeme, hutaga humo, na akifa juu ya pini mbili huzifunga vizuri kuliko waya. Kujizima kusiko na saa maalumu hutokana zaidi na kapasita zilizochoka za kitengo cha umeme. Vichwa vyake vikiwa vimevimba, kitengo kibadilishwe.

Mtambo unaosahau tarehe au usanidi kila umeme unapokatika una betri iliyokwisha, mara nyingi ile ya umbo la sarafu ya volti 3. Mitambo mingi hutaka betri hiyo ibadilishwe umeme ukiwa umewaka, la sivyo kumbukumbu yote hufutika, na huu ndio wakati pekee ambapo nashauri kasha liwe wazi na umeme ukiwamo. Soma kitabu cha mtambo kwanza. Kama huna uzoefu wa kufanya kazi karibu na bodi yenye umeme, muachie fundi.

Dalili: baada ya radi

Radi huingia kwa njia mbili, umeme wa gridi na laini za nje, na kadi ya laini za nje ndiyo hupokea pigo la kwanza. Chomoa laini zote na uwashe mtambo bila kadi hiyo. Ukikubali, bodi kuu imenusurika. Kagua vidonge vya kinga vya gesi kwenye kroni, ambavyo hujitoa mhanga kwa ajili ya kadi. Kidonge kilichofunga njia huifanya laini iwe kimya kana kwamba kadi imekufa, na bei yake hailingani hata kidogo na ya kadi. Kadi iliyopigwa milango miwili usiiamini hata kama mingine inafanya kazi. Iondoe kwenye laini muhimu kabla haijachagua yenyewe siku ya kufa.

Kabla ya kuweka kadi mpya, fuata waya wa ethi kutoka kwenye kasha mpaka ardhini kwa macho yako mwenyewe. Nimewahi kuufuata waya mzuri wa kijani na njano ukaishia kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Kinga za laini, kasha la mtambo na umeme wa ofisi vinapaswa kukutana kwenye ethi moja, kwa kuwa ethi mbili zisizounganishwa hutofautiana kwa maelfu ya volti radi inapopiga, na tofauti hiyo hupita ndani ya kadi. Vitabu vingi vya mitambo hutaka ukinzani wa ethi usizidi omu 10, na vingine hudai kidogo zaidi. Multimita ya kawaida haiwezi kuupima. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi. Mwite mwezi wa Oktoba, kwa sababu fimbo ya ethi iliyopimwa Machi, udongo ukiwa umeloa, itasomeka vizuri, na radi za kwanza zitaikuta ikiwa imesimama kwenye udongo mkavu.